Kitabu Chenye Pambo na Msomaji Wake

Wako watu wakusanyao vitabu vya kale kama wengine wakusanyavyo sarafu. Hawatosheki na kitabu chochote. Hutafuta nakala iliyopigwa chapa zamani, yenye picha zilizochorwa kwa ustadi, jalada la ngozi na karatasi nene. Mashairi ya Chaucer, mathalan, hupatikana leo kwa bei ya mkate na chai. Lakini nakala yake iliyotolewa na William Morris huko Uingereza mwaka 1896, yenye picha 87 za Edward Burne-Jones, ni mali ya matajiri, kwa kuwa zilichapwa 425 tu za karatasi na 13 za ngozi. Mwenye nayo aghalabu huifungia kabatini. Rafiki zake huitwa waitazame, na ni nadra kusikia kwamba waliitwa waisome.

Simlaumu mtu huyo upesi. Kupenda kitu kizuri si dhambi, na vitabu vingi vimesalimika kwa sababu tu palikuwa na tajiri aliyeviona vizuri. Hata hivyo, msomaji, yafaa tujiulize swali lililo gumu kidogo: pambo la kitabu lina kazi gani? Je, ni nguo ya sikukuu iliyovikwa maneno, au ni sehemu ya maneno yenyewe?

Huenda ukasema kwamba swali hili ni la watu wa London, wala halimhusu mwanafunzi wa Ngao. Ngao ni kijiji cha Wapokomo katika bonde la mto Tana, kusini ya Garsen. Vitabu viliingia huko kwa mkono wa wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19, nao walikuja na vitabu vya kazi: vya kufundishia kusoma, vya nyimbo na vya ibada. Kitabu cha namna hiyo hushikwa na mikono mingi mpaka pembe zake zikaisha. Pambo lake ni alama za vidole.

Lakini fuata mto hadi baharini utafika Kipini, mahali linapoonyeshwa kaburi la Fumo Liyongo, shujaa na malenga ambaye habari zake Wapokomo nao wanazijua. Ukipanda mwambao kutoka hapo utafika Lamu, na Lamu ndipo alipoishi mtu aliyeandika kwa mkono wake nakala nzuri kupita nyingi za tenzi zetu. Basi jambo hili liko jirani na mlango wako.

Mtu huyo ni Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945 akiwa mzee sana. Alikuwa mshairi, mpiga ala, mchonga milango na mwenye khati ambayo sifa yake ilivuka bahari. Utendi wa Fumo Liyongo unaojulikana zaidi ni wa kalamu yake, nao ni wa mwaka 1913. Alinakili pia tungo za wenziwe waliomtangulia, kwa herufi za Kiarabu, akizipamba kwa wino wa rangi na kwa maua yanayoukumbusha mkono uliozoea patasi. Mtu aliyeona mlango wa Lamu hatashangaa akiuona ukurasa wa Kijuma: ua lililo juu ya kizingiti na ua lililo juu ya utenzi ni ndugu.

Sasa tazama kazi ifanywayo na pambo hilo, maana hapa ndipo kiini cha maneno yangu. Ubeti wa utenzi una vipande vinne. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina kingine, kile kinachorudi katika kila ubeti toka mwanzo wa utenzi hadi mwisho. Tukiuchapa ubeti huo kwa herufi za Kirumi, twaupanga mistari minne mifupi, mmoja chini ya mwingine. Katika miswada ya kale mara nyingi ubeti mzima huandikwa katika mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto, na kati ya kipande na kipande hutiwa alama ya pambo. Matokeo yake ni nini? Kile kina cha mwisho hujikuta ukingoni mwa kushoto, ubeti baada ya ubeti, silabi ile ile ikishuka ukurasani kama nguzo. Jicho hukiona kina kabla ya sikio kukisikia. Mwimbaji anayesoma kwa kuimba hupata mahali pa kuvuta pumzi bila kutafuta, kwa kuwa ile alama yenye rangi imemngoja.

Kwa hiyo alama hiyo ina kazi kama kituo kinavyokuwa na kazi, nayo juu ya hayo ni nzuri. Ukiiondoa, umeondoa sehemu ya usomaji. Mwaka 1940 Ernst Dammann alichapisha huko Hamburg mkusanyo mkubwa wa tungo za lahaja ya Lamu, pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Tungo nyingi katika mkusanyo huo alizipata kwa msaada wa Kijuma. Ni kitabu cha thamani kubwa, na mtu anayezitaka tungo hizo hawezi kukipita. Lakini tungo zimewekwa humo kwa herufi za Kirumi, na nguzo ile imevunjika. Maneno yamesalimika, ukurasa umepotea. Mnamo 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu huko Köln juu ya Kijuma na maandiko yake, na ni dalili njema kwamba wataalamu wa leo wanautazama mwandiko wake pia, pamoja na maneno.

Kuna pambo la aina nyingine, nayo ni picha ya mambo yanayosimuliwa. Hapa nina shaka zaidi. Gustave Doré wa Ufaransa aliichorea picha hadithi ya Don Quixote mwaka 1863, na toka siku hiyo wasomaji wengi hawawezi kumfikiri bwana yule mwembamba ila kwa sura aliyopewa na Doré. Huo ni ushindi wa mchoraji, na pengine ni hasara ya msomaji. Fikiri kisa cha Liyongo. Yumo gerezani, na mamaye ampelekea mkate wa wishwa ambao ndani yake imefichwa tupa. Nje watu wacheza gungu, ngoma na matari yakivuma, naye akata minyororo yake chini ya kelele hizo. Mchoraji asiye na busara atauchora mkate umepasuliwa na tupa yaonekana, akiuweka ukurasa mmoja kabla ya kisa kufika hapo; naye atakuwa ameiba siri ya mtunzi. Mchoraji mwenye akili atachora ngoma tu.

Au mwisho wake: Liyongo amechomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe. Ashika upinde, aenda kisimani, apiga goti, atia mshale, na roho yamtoka akiwa hivyo. Watu wa mji wamwona na hawathubutu kwenda kuteka maji, kwa kuwa wadhani yu hai. Nguvu yote ya kisa imo katika kutojua kwao. Picha inayofaa ingetuonyesha kisima kwa mbali, kutoka waliposimama wale wenye kiu, sisi nasi tusijue. Pambo la maua halina hatari hiyo, maana halichori mtu. Humwachia msomaji Liyongo wake.

Turudi kwa wakusanyaji. Kijuma alinakili mengi kwa ajili ya wageni waliomwajiri: Alice Werner, ambaye aliandika pia juu ya Wapokomo mwaka 1913 na juu ya kisa cha Liyongo mwaka 1926, William Hichens, aliyechapisha Al-Inkishafi huko London mwaka 1939, na Dammann niliyemtaja. Hivyo sehemu kubwa ya kazi ya mkono wake iko London na Hamburg, ilhali mtoto aliyezaliwa karibu na Kipini hukua pasipo kuona hata ukurasa mmoja. Jambo hili lauma. Lakini haki itolewe: wageni hao walisoma walichokikusanya, wakakichapa na kukieleza, na lau si ujira wao huenda nakala nyingine zisingaliandikwa kabisa. Nami nadhani maua kadhaa ya Kijuma yalikusudiwa kumpendeza mnunuzi wa mbali. Si aibu, fundi hula kwa kazi yake.

Ukitaka pambo lililofanywa kwa wasomaji wa nyumbani, tazama misahafu ya Siyu, katika kisiwa cha Pate, iliyoandikwa katika karne ya 18 na ya 19. Imepambwa kwa nyekundu, nyeusi na manjano, na mapambo yake humwonyesha msomaji sura inapoanza na mgawanyo unapofika. Mmoja wa misahafu hiyo sasa umo katika jumba la makumbusho la Fowler, Los Angeles. Huko Lamu kwenyewe, miswada ya msikiti wa Riyadha imepigwa picha kwa mpango wa maktaba ya taifa ya Uingereza, na picha hizo hutazamwa kwa intaneti bila malipo. Mwanafunzi wa Garsen mwenye simu aweza kuzifungua jioni hii.

Na wewe je, waweza kuwa mkusanyaji? Waweza, wala huhitaji fedha za Morris. Katika sanduku za wazee wa Tana mna vitabu vya shule vya zamani vyenye picha, vitabu vya nyimbo na madaftari ya mashairi. Adui zao ni mchwa, unyevu na mto wenyewe; mafuriko ya 1997 na 1998 hayakuchagua kati ya mtama na karatasi. Weka kitabu juu, mbali na ukuta wa udongo, ndani ya bati lenye kifuniko, ukikitoa mara kwa mara kipate hewa kivulini. Usikitie gundi ya utepe, maana hugeuka manjano na kula karatasi. Jina la mwenye kitabu na mahali kilikotoka liandike kwa penseli. Juu ya yote usikate picha ukaibandike ukutani, hata iwe nzuri namna gani: huko Ulaya wako wafanyabiashara wanaochana vitabu vizima ili wauze picha moja moja, na kinachobaki hakinunuliwi hata na mchuuzi wa karanga.

Kisha jaribu jambo moja. Chagua beti kumi za utenzi wowote ulio nao, chukua karatasi pana isiyo na mistari, uziandike kila ubeti mstari mmoja, ukitia alama ndogo ya rangi baina ya vipande. Wewe utaandika kutoka kushoto, basi nguzo ya kina itasimama upande wa kulia. Lakini ipange iwe sawasawa. Mpe mwenzio aisome kwa sauti, halafu mpe beti zizo hizo zilizochapwa, nawe usikilize pumzi yake inakatika wapi.