Joto Linaanza Saa Ngapi?

Karibu kila nyumba ya bati hapa Tanga ina chumba kimoja kisicholalika. Vingine vinavumilika, hicho kinafukuza watu. Mwenye pesa hufunga kiyoyozi, asiye nazo hukigeuza stoo. Wachache humwita fundi, na nina bahati ya kumjua mmoja ambaye kazi yake napenda kuitazama kuliko ninavyopenda kutazama mpira.

Alianza ujana wake kwa kupaua, baadaye akaingia kwenye uashi. Akifika hatoi futi wala haombi ngazi. Anauliza.

"Shikamoo bibi. Joto la humu linaanza saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Joto muda wote."

Jibu hilo hulipata kila mahali, na kila mahali halimtoshi. "Saa saba mchana unaweza kukaa humu ukashona?"

"Naweza."

"Na saa tatu usiku?"

"Saa tatu nimeshatoka na mkeka wangu niko barazani."

Hapo nusu ya kazi imekwisha, ingawa mwenye nyumba hajui. Bati ni jembamba. Jua likilipiga linashika moto kwa dakika chache, na jua likizama linapoa upesi. Usiku wa mbingu safi bati huweza kuwa baridi kuliko hewa yenyewe hadi likadondosha umande. Kwa hiyo chumba kinachoteswa na paa hulalamika mchana, kikatulia baada ya magharibi. Ukuta wa tofali za saruji una tabia nyingine. Unalimeza jua la alasiri polepole, joto linasafiri ndani ya tofali, linatokea upande wa kitanda saa kadhaa baadaye, watu wakiwa wamekwishakula na kuaga. Chumba ambacho hakina saa yake, kinachochosha asubuhi na jioni kwa jasho lisilokauka, mara nyingi shida yake ni hewa iliyokwama. Bibi wa saa tatu usiku ana kesi ya ukuta, na ukuta wenyewe unatazama magharibi.

Fundi wa haraka angeishia hapo. Huyu alipanda darini hata hivyo. Anacho kipimajoto cha kumulika, lakini hakimuliki bati. Kwanza anabandika kipande cha utepe wa karatasi chini ya bati, anasubiri kidogo, ndipo anaupima ule utepe. Chuma kinachong'aa hutoa mionzi michache ya joto lake na kurudisha ya vitu vingine, hivyo kifaa kikielekezwa juu yake hudanganya: kitasoma ubaridi huku mkono ukiungua. Nimewaona mafundi wenye vifaa vya bei kubwa zaidi wasiojua jambo hili. Akakagua penu, akakuta matundu yenye wavu yanapitisha upepo vizuri. Akashuka, akasema paa halina kosa.

Kauli hiyo ilimkosesha pesa, maana angeweza kuuza karatasi za foili siku hiyohiyo na bibi asingebisha. Foili inafaa, tena sana, pale paa linapokuwa ndilo mkosaji, mradi uso wake unaong'aa uachiwe nafasi ya hewa. Ikibanwa kati ya bati na ubao bila nafasi, umepamba tu mahali pasipoonekana.

Kisha akawasha kijiti cha udi. Chumba kina dirisha moja la alumini, la kusukuma, ambalo kwa umbo lake hufunguka nusu tu, na juu yake kuna wavu wa mbu. Mlango ukiwa umefungwa, moshi ulipanda ukasimama. Ulipofunguliwa, moshi ukainama na kuelekea ukumbini. Upepo hauingii mahali pasipo na pa kutokea. Nyumba nyingi za zamani za serikali zilikuwa na kidirisha cha mbao za mlazo juu ya kila mlango, hewa ikapita hata mtu akijifungia. Tulivifuta kwenye ramani zetu, kisha tukaanza kulalamikia joto.

Kuhusu jua, alichora kwa mkaa sakafuni. Upenu wa nyumba ni sentimita 60. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua la Tanga huwa upande wa kaskazini lakini bado liko juu, na upenu huo hufunika zaidi ya mita moja ya ukuta wa kaskazini. Upande wa magharibi, saa kumi na nusu jioni, jua limeshuka mno. Upenu uleule unatia kivuli cha sentimita thelathini na kitu. Kurefusha paa kungekuwa hasara. Dawa ni kusimamisha kivuli mbele ya ukuta: chanja ya fito, hatua moja kutoka tofalini ili hewa ipite katikati, mpesheni utambae juu yake, na makuti yaning'inizwe hadi mmea ushike. Ukuta wenyewe akaupaka chokaa nyeupe. Juu ya mlango akatoboa, akaweka mbao za mlazo.

Chumba hakikuwa baridi, na hakuahidi ubaridi. Kililingana na vingine, bibi akaacha kulala barazani.

Kinachonikera ni malipo. Bibi alilipia chokaa, fito, mbao na siku za kazi. Yale maswali, utepe, udi na kupanda dari kumbe hakuna kosa, hayakuandikwa popote, kwa sababu kwetu fundi hulipwa kwa alichogonga. Ukimwita fundi anayeanza kwa kuuliza saa, mwambie akutajie bei ya kutazama, na umlipe hata kama siku hiyo hakugusa nyundo.