Wimbo Jukwaani na Wimbo Uwanjani: Maonyesho ya Sauti Sol kwa Kipimo cha Edonga

Uhakiki wa nyimbo za Kiswahili una desturi moja iliyozoeleka mno hata haihojiwi tena. Mhakiki huchukua wimbo uliorekodiwa, huyanakili maneno yake, kisha huyachambua kama achambuavyo shairi la kitabuni: maudhui upande huu, fani upande ule. Sauti hutajwa kwa sentensi mbili tatu. Hadhira haitajwi kabisa. Desturi hii ina manufaa yake, lakini inapokabiliwa na onyesho la bendi iliyopanda jukwaani kuitangaza albamu mpya hukosa pa kushika, maana jambo litukialo pale halimo katika maneno yaliyonakiliwa. Katika makala haya twakusudia kulitazama onyesho la namna hiyo kwa kipimo kisichotoka Nairobi. Kipimo hicho ni edonga, ngoma ya Waturkana, na mahali tulipopachagua pa kusimamia ni Kalemng'orok.

Kalemng'orok ni mji mdogo wa Turkana Kusini, katika eneo la Katilu na Mto Turkwel, kwenye barabara itokayo Kitale kwenda Lodwar na kuendelea hadi Kakuma. Lugha ya nyumbani ni Ng'aturkana. Kiswahili ni lugha ya duka, ya shule, ya kanisa, ya askari na ya dereva wa lori. Wimbo wa Nairobi hufika huko ndani ya simu au ndani ya gari, mara nyingi bila mwimbaji wake. Hata hivyo uimbaji wa ana kwa ana haukungoja bendi. Katika edonga kijana huanzisha wimbo wa emong wake, yaani maksai ampendaye kuliko wote. Humsifu kwa rangi yake, kwa kengele iliyo shingoni, na kwa pembe zake zilizopindwa kwa makusudi zikapata umbo alitakalo mwenyewe. Huinua mikono kuziiga pembe hizo. Wenzake huitikia, hupiga makofi, huruka. Vishindo vya miguu ndivyo mapigo. Hapana nakala iliyotangulia. Wimbo mpya hutangazwa kwa kuimbwa, na waitikiaji wasipoupokea, basi umekufa uwanjani hapo hapo.

Kwamba utungaji na utendaji vyaweza kuwa tendo moja, wanafasihi simulizi wamekwisha kulieleza. Albert Lord alilionyesha mwaka 1960 kwa waimbaji wa Yugoslavia, na Ruth Finnegan akalisisitiza kwa Afrika mwaka 1970. Tunachotaka kuongeza ni kwamba onyesho la kutangaza albamu huupindua mpango huu. Hapo wimbo umekamilika kabla ya hadhira kufika. Msikilizaji amelipa kiingilio akiwa tayari na nakala masikioni mwake, na humpima mwimbaji kwa nakala hiyo. Swali la mhakiki, kwa hiyo, liwe hili: je, katika wimbo uliokwisha kufungwa studioni, ni nafasi zipi zilizobaki wazi, na jukwaani bendi inazifanyia nini?

Bendi za roki za Nairobi zingefaa kwa swali hili, ila kwa sehemu kubwa huimba kwa Kiingereza, nasi shabaha yetu ni Kiswahili. Tumewachukua Sauti Sol: Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano, Savara Mudigi na mpiga gitaa Polycarp Otieno. Ni bendi iliyojitegemea kwa lebo yake yenyewe, na chimbuko lake ni uimbaji wa sauti tupu wa vijana wa shule ya Upper Hill. Albamu yao ya tatu, *Live and Die in Afrika*, waliitoa kwenye intaneti mwezi wa Novemba 2015, na kwa muda mfupi msikilizaji aliweza kuipata bila malipo. Jambo hili lina uzito kwa hoja yetu. Albamu inapogawiwa bure, jukwaa ndilo huwa soko, na wimbo hugeuka kuwa mwaliko wa kwenda kwenye onyesho.

"Sura Yako" tutaupita upesi. Sifa yake kubwa ya jukwaani ni mchezo wa lipala, ambao Rais Obama aliucheza Ikulu ya Nairobi mwezi wa Julai 2015. Waliocheza usiku ule hawakuhitaji kuyafahamu maneno. Mtu wa edonga asingeshangaa, kwa kuwa naye hujua kwamba mwili huitikia kabla ya ulimi, lakini angeuliza ni nani anayesifiwa, na kwa alama gani atambulikane. Uso usifiwao katika wimbo huu ni uso wa mtu yeyote. Maksai wa edonga hawezi kuwa wa mtu yeyote, na pengine hapo ndipo utenzi wa wafugaji unapoushinda wimbo wa mapenzi wa mjini.

"Nerea", walioimba pamoja na Amos na Josh, unadai tukae nao zaidi. Mwanamume anamsihi mpenzi wake asiitoe mimba, na hoja yake ni kwamba mtoto huyo huenda akawa mtu mkuu. Kisha hutajwa majina ya watu wa sifa, Wangari Maathai na Nyerere wakiwamo. Kifani, hii ni takriri sambamba: muundo wa sentensi hubaki ule ule, jina na tendo hubadilika. Muundo huu ni mkongwe kuliko gitaa. Ni muundo wa majigambo na wa nyimbo za sifa, na tabia yake ni kuwa na mlango wazi mwishoni. Orodha ya namna hii haina sababu ya kifani ya kuishia pale ilipoishia. Imeishia hapo kwa kuwa dakika za studio zimekwisha. Fanani wa edonga akipewa mlango huo angeupita papo hapo. Angemtia mzee aliyeketi mbele yake, angemtia mwalimu wa Katilu, na waitikiaji wangemhukumu kwa wepesi wake. Onyesho la kutangaza albamu hulielekeza jambo hili upande mwingine. Watu waliokuja na nakala masikioni hufurahi jina walilolingoja linapowadia, na jina geni lingewapotosha katikati ya kuimba. Nguvu ya albamu ndiyo hiyo inayoufunga mlango, nasi hatuoni haki ya kuwalaumu waimbaji peke yao.

Lakini lipo jambo ambalo nakala hailifichui na jukwaa hulifichua. Nerea hajibu. Katika maneno yaliyoandikwa ukimya wake ni wa kawaida, kwani mashairi mangapi ya kusihi yamempa msihiwa nafasi ya kunena? Jukwaani mwimbaji hukiachia kiitikio kwa hadhira, na hadhira hiyo ina wasichana wengi. Sauti ya kike iliyokosekana katika wimbo huja kwa wingi, ila huja na maneno ya mwanamume. Nerea anajisihi mwenyewe. Twaweza kusema kuwa huu ni ushindi wa wimbo, au kuwa ni kasoro yake kuu. Mwandishi wa makala haya anaelekea upande wa pili. Vyovyote iwavyo, mhakiki aliyeishia kwenye maneno asingefika hata kwenye swali lenyewe.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Nyimbo nyingi za albamu hii huchanganya Kiswahili, Sheng na Kiingereza. "Shake Yo Bam Bam", kwa mfano, ni wimbo wa kiuno ambao maneno yake ni kisingizio cha mapigo. Katika mchanganyiko huo kiitikio kikiwa cha Kiswahili chepesi ndicho kisafiricho. Beti za Sheng hubaki na mwenye Sheng. Msikilizaji wa Turkana, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, hupata fungu la kiitikio tu. Tusidhani, hata hivyo, kwamba kaunti hiyo ni mpokeaji siku zote. Mwaka 2016 Octopizzo alitoa albamu ya *Refugeenius* pamoja na vijana wakimbizi wa Kakuma na Dadaab, na hapo kambi iliyoanzishwa mwaka 1992 ndiyo iliyoipelekea Nairobi sauti.

Katika albamu ya Sauti Sol, wimbo tunaouona kuwa bora kwa kipimo chetu ni "Kuliko Jana", walioimba na kwaya ya RedFourth ya Upper Hill, shule yao ya zamani. Ni wimbo wa shukrani kwa Mungu, kwa Kiswahili cha kanisani, na hauhitaji ala. Kiswahili cha kanisani ndicho Kiswahili ambacho Turkana inakimiliki kwa haki ile ile ya Nairobi. Isitoshe, kwaya humo haikuwekwa kama pambo. Ndiyo mwitikiaji, na bila yake mwongozaji hubaki ametoa nusu ya sentensi. Sauti Sol walitangaza mwaka 2023 kwamba wangepumzika kwa muda usiojulikana, wakafanya tamasha la kuagana Nairobi mwezi wa Novemba. Bendi ikiwa imeshuka jukwaani, nyimbo zinazotegemea taa na vipaza sauti hubaki ndani ya simu. Lakini wanafunzi arobaini wa Kalemng'orok, wakiwa na mwanzishaji mmoja mwenye pumzi, waweza kuusimamisha "Kuliko Jana" chini ya mti bila kuazima chochote, na ubeti wa pili wakautia Ng'aturkana.