Kugawa Jua

Busia haifiki hata digrii moja kaskazini mwa ikweta, na Tororo vilevile. Mchana huko ni wa saa 12 hivi, Januari hadi Desemba. Mkulima wa Uingereza hungojea siku ndefu za kiangazi. Wa Busia hana siku ndefu ya kungojea. Analoweza kubadilisha ni nani apate jua kiasi gani, na hapo ndipo ninapotaka kuusifu ufundi wa akina mama wa Kiteso wanaopalilia wimbi.

Mbegu ya wimbi ni ndogo mno, milimita moja au mbili, na wengi huitawanya kwa mkono. Mvua za Machi zikishika, miche huota imesongana, na kila mmoja unataka mwanga. Ndani ya jani, klorofili hunasa miali myekundu na ya buluu, na ile ya kijani nyingi hurudi machoni petu. Nguvu iliyonaswa hupasua maji yaliyopandishwa na mizizi. Oksijeni hutoka nje. Haidrojeni hutumika kuigeuza kabonidioksaidi, iliyoingia kupitia vitundu vya jani, kuwa sukari. Karibu mwili wote mkavu wa mmea, punje zikiwemo, umetokana na hewa na maji. Udongo huchangia kidogo, ingawa kidogo hicho hakina mbadala. Jani lililofunikwa kabisa na wenzake hula zaidi ya linachozalisha. Kwa hiyo mama anapong'oa mche mzima, mzuri kabisa, ili jirani yake apate nafasi, hapotezi chakula. Anakiongeza.

Na wimbi linastahili nafasi hiyo. Katika muhogo na maharagwe, kimeng'enya kinachoshika kabonidioksaidi mara nyingine hushika oksijeni badala yake, na joto likipanda hasara huongezeka. Wimbi, kama mtama, mahindi na miwa ya Busia, huishika kabonidioksaidi kwanza katika seli za nje, huifunga kwenye asidi yenye kaboni nne, kisha huipeleka kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani na kuifungulia humo ikiwa nyingi, hata oksijeni isipate pa kupenya. Marshall Hatch na Roger Slack waliieleza njia hiyo mwaka 1966 huko Australia, wakichunguza miwa. Faida yake huonekana mchana wa joto kali: jani hubana vitundu vyake, likaokoa maji, na kazi isisimame. Lakini uhodari huo huhitaji mwanga mwingi. Kivulini hauna faida.

Ugumu wa palizi ni kwamba adui anafanana na mwana. Wimbi mwitu, ambalo ndilo lililozaa wimbi la shambani hapa hapa Afrika Mashariki, huota katikati ya miche likiwa na majani yaleyale na njaa ileile ya jua, kisha hupukutisha mbegu zake kabla ya mavuno. Mpaliliaji huinama, hutazama shina linapotokea ardhini, hushika jani, huamua. Asubuhi nzima huamua hivyo, mche baada ya mche, huku mazungumzo yakiendelea. Sijui kazi nyingi zinazodai jicho kali kiasi hicho, na inaniuma kusikia ikiitwa kazi ya wasiosoma.

Kisha kuna kiduha, gugu ambalo Waluo huliita kayongo. Hiki hakigombei mwanga. Huchimba mizizi ya wimbi na kunyonya maji pamoja na sukari iliyokwisha kutengenezwa juu. Maua yake ya zambarau yakionekana, mche ulionyonywa umekwisha kudhoofika. Hata hivyo akina mama huking'oa, maana mmea mmoja humwaga makumi ya maelfu ya mbegu, nazo hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri mzizi. Palizi hiyo ni kwa ajili ya wimbi la misimu ijayo, na kwa yeyote atakayelima shamba hilo baada yao.