Jembe la Siku ya Tatu: Kazi na Nyumba Ugenini katika Riwaya za Abdulrazak Gurnah

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu hufasiriwa kuwa ni kemeo kwa mgeni mvivu. Hata hivyo, ina upande mwingine ambao haujatiliwa maanani ya kutosha. Apewaye jembe hapewi kazi tu. Anaingizwa katika shamba la wenyeji, na jioni hula chunguni mwao. Kwa mujibu wa methali, kazi na nyumba huandamana. Makala haya yanakusudia kuchunguza yanayotokea vitu hivi viwili vinapotengana, yaani mhamiaji anapopata jembe katika nchi ya watu lakini asipate, au ajinyime mwenyewe, mahali pa kukaa kama mtu wa nyumbani. Mifano tutaitoa katika riwaya za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021.

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kutofautisha maneno mawili. Nyumba ni jengo: hupangwa, hununuliwa, huuzwa. Nyumbani ni mahali ambapo mtu anajulikana ni mtoto wa nani, ametoka wapi na anadaiwa nini na nani. Mtu aweza kuwa na nyumba na asiwe na nyumbani. Kiswahili kimeyatenga mambo haya kwa silabi moja tu, na katika silabi hiyo ndimo wanamohangaika wahusika wa Gurnah.

Mwandishi mwenyewe alizaliwa mwaka 1948, akaondoka Unguja akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati ambapo kutoka kisiwani hakukuwa jambo la hiari wala la wazi. Uingereza alifanya kazi ya utumishi hospitalini, akasoma, akapata shahada ya uzamifu mwaka 1982 katika Chuo Kikuu cha Kent, na huko huko akafundisha fasihi hadi alipostaafu. Tukiyatazama maisha haya kwa juu juu, tutasema kwamba mgeni alipewa jembe akalima na akavuna. Riwaya zake, hata hivyo, haziridhiki na hesabu ya namna hiyo.

Ni kawaida kuzisoma riwaya hizi kama maombolezo ya watu waliopotewa na kwao na kubaguliwa ugenini. Usomaji huo una ukweli, lakini haukamiliki, kwa sababu unamfanya mhamiaji kuwa mtendwa tu. Rai yetu ni kwamba Gurnah anauliza swali gumu zaidi: mhamiaji amewaambia nini watu wa pande zote mbili? Nyumba ya ugenini, kwa mtazamo wake, husimama au huanguka kwa kadiri ya yale yaliyosemwa ndani yake.

Tuanze na Pilgrims Way (1988). Daud, kijana Mwislamu kutoka Tanzania, ni mtumishi wa chumba cha upasuaji katika hospitali ya mji wa Canterbury. Jembe analo, tena ni zito. Anaingia kila siku mahali ambapo miili ya wenyeji hulala mbele yake bila siri, lakini mitaani wenyeji hao hao humtazama kama kitu kilichopotea njia. Daud hujikinga kwa mzaha na kwa barua anazozitunga kichwani bila kuzipeleka popote. Barua hizo ni ishara ya kwanza ya jambo tunalolichunguza, yaani maneno yaliyo tayari lakini hayamfikii yeyote. Si kwa bahati kwamba uhusiano wake na Catherine, muuguzi Mwingereza, unaanza kuwa na uzito pale tu anapokubali kumsimulia yaliyompata kabla hajafika huko.

Katika Admiring Silence (1996) jambo hili linafikishwa kwenye kilele chake. Msimulizi, ambaye hatajwi jina, ana kila kinachohesabiwa kuwa mafanikio: ni mwalimu jijini London, anaishi na Emma, na wana binti, Amelia. Kwa wazazi wa Emma amejenga hadithi za ukoloni wa kheri, kwa kuwa ametambua kwamba hizo ndizo wanazopenda kuzisikia. Kwa Emma amemtungia jamaa ambao si wale alionao. Kwa mama yake Unguja hakuwahi kuandika hata neno moja kuhusu mwanamke huyo wala mtoto. Anaporudi baada ya takriban miaka ishirini, jamaa wamekwisha kumtafutia mchumba. Hapo ndipo inapombidi aseme kweli, na kweli hiyo inapokewa kama msiba. Anarudi London, na Emma naye anamwacha. Mtu aliyekuwa na nyumba mbili anabaki hana hata moja.

Ingekuwa rahisi kumlaumu msimulizi kwa uwongo wake na kuishia hapo. Mhakiki makini hana budi kuuliza uwongo huo ulikuwa na soko gani. Nchi iliyompokea ilimlipa kwa hadithi zinazoituliza nafsi yake. Nchi aliyoiacha ilikuwa chini ya watawala walioifanya barua kuwa kitu cha kuogopwa. Kwa hiyo kimya cha mhamiaji si tabia yake peke yake, bali kina mizizi katika siasa na uchumi wa pande zote mbili. Hata hivyo Gurnah hamwondolei mhusika wake dhamana, na hapa ndipo penye nguvu ya riwaya.

The Last Gift (2011) inalichukua suala hilo hilo na kulipeleka katika kizazi cha pili. Abbas, baharia wa zamani, ametulia Norwich na mkewe Maryam. Amefanya kazi kiwandani miaka mingi, amelea watoto wawili, na nyumba yake ni ya heshima. Lakini Unguja alimwacha mke mjamzito, na hakumwambia mtu. Mficha maradhi, wasema Waswahili, kifo humuumbua. Abbas anapopatwa na kiharusi ndipo anapoanza kusema, na mengine kuyatia katika kinasa sauti. Athari za kimya chake tumekwisha kuziona kwa watoto: Hanna amejiita Anna, na Jamal anafanya utafiti wa chuo kikuu juu ya uhamaji huku asijue uhamaji wa baba yake mwenyewe. Kinaya hiki si cha kuchekesha tu. Kinatufundisha kwamba elimu ya jumla haiwezi kujaza pengo la habari ya mtu mmoja aliyekaa nayo mezani.

By the Sea (2001) inatoa picha ya kinyume. Saleh Omar, mzee wa miaka 65 aliyekuwa mfanyabiashara wa samani, anaingia Uingereza kwa pasi yenye jina la mtu mwingine, naye ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Uwanjani afisa anamnyang'anya kisanduku chake cha udi. Kwa umri wake, jembe hatapewa tena. Lakini jina alilojitwalia ni la baba yake Latif Mahmud, mhadhiri na mshairi wa London, na baina ya familia hizo mbili kuna ugomvi wa nyumba. Wazee hawa wa kisa kimoja wanakaa katika chumba kidogo karibu na bahari na kusimuliana, kila mmoja akisahihisha masimulizi ya mwenzake. Mgeni asiye na kazi wala mali ndiye anayefanikiwa kuliko wote kuwa na kitu kinachofanana na nyumbani.

Haifai, hata hivyo, kuigeuza hoja yetu kuwa dawa ya kila ugonjwa. Katika Gravel Heart (2017) Salim anaupata ukweli wote kutoka kwa baba yake, lakini anarudi Uingereza bila faraja kubwa. Kusema ni sharti la nyumbani. Si dhamana yake.

Ipo pia kasoro ya kutajwa. Gurnah hutueleza kwamba wahusika wake wanafanya kazi, lakini baada ya Pilgrims Way ni nadra kutuonyesha kazi yenyewe. Kiwanda cha Abbas ni kama kivuli. Anayetaka kuona jasho, mshahara na mshikamano wa wafanyakazi atampata zaidi Adam Shafi katika Kuli (1979), ambamo bandari ya Unguja na mgomo wa 1948 vinamlea mhusika mkuu. Laiti jembe lingechorwa kwa uangalifu ule ule uliotumika kuchora kimya, riwaya za Gurnah zingetueleza vyema zaidi kwa nini mtu aliyechoka hukosa hata nguvu ya kuandika barua.

Suala hili latuhusu sisi wenyewe. Mwaka 2023 Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4. Fedha hizo zinahesabiwa kila mwezi. Habari za chumba alicholala mtumaji, kazi aliyoifanya na aliyempigia kelele hazihesabiwi na mtu. Mzazi hupokea ada na mabati, naye haulizi, kwa kuwa kuuliza ni kama kukosa shukrani. Mtoto haelezi, kwa kuwa kueleza ni kama kushindwa. Hivyo kimya anachokichora Gurnah kinajengwa kutoka ncha zote mbili.

Tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi (2022) imefungua mlango wa kumsoma mwandishi huyu katika lugha ya watu anaowaandika. Ni jukumu la idara zetu kuuingia mlango huo, si kwa kujivunia tuzo tu, bali kwa kuyajadili pamoja na wanafunzi ambao wengi wao watasafiri. Jembe watalipata huko waendako. La kujiuliza ni kama watakuwa na ujasiri wa kusema walikotoka, na kama sisi tutakaobaki tutakuwa tayari kuwasikiliza.