Kuzika Hewa Ukaa: Neno na Bei Yake

Miongoni mwa istilahi zinazoingia maofisini mwetu siku hizi pamoja na mikataba ya mazingira, tumeona vema tuikague moja: "kukamata na kuhifadhi kaboni". Maana inayokusudiwa ni kutenga hewa ukaa katika moshi wa mtambo wa umeme, kuigandamiza, na kuipeleka chini sana ya ardhi isirudi angani. Istilahi hii ina kasoro katika kila neno lake, na mojawapo ni ya fedha.

Tuanze na "kaboni". Kinachotengwa ni hewa ukaa, na tani moja ya kaboni ikiungua huzaa tani 3.67 za hewa hiyo. Mfasiri akiandika "bei ya tani ya kaboni" mahali palipokusudiwa tani ya hewa ukaa, amevuruga hesabu zaidi ya mara tatu. Kwa kijiji cha bonde la Kilombero kinachotazamia kulipwa kwa ajili ya misitu yake, hilo si kosa la sarufi tena.

"Kuhifadhi" ndilo neno baya zaidi. Mkulima wa Ifakara analijua neno hifadhi kwa mawe ya mipaka: Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na Pori la Akiba la Kilombero mwaka 2023. Akiambiwa kwamba serikali yataka kuhifadhi kaboni, atauliza shamba lake liko upande gani wa jiwe, nasi hatuwezi kumlaumu. Isitoshe, kinachohifadhiwa hutazamiwa kutumika kesho, kama mpunga ghalani. Hewa hii haitakiwi irudi. Twapendekeza "kuzika". Wapo watakaosema "kufukia" yatosha, lakini kilichofukiwa hufukuliwa na mbwa.

"Kukamata" nalo lanuka polisi. "Kunasa" lafaa zaidi kwa mtambo, na "kufyonza" libaki la miti. Kidatu na Kihansi, mitambo mikubwa ya umeme ya pande hizi, huendeshwa kwa maji, wala haina bomba la moshi la kunasia kitu. Kwa Tanzania neno hilo lingehusu mitambo ya gesi kama ya Ubungo na Kinyerezi.

Mgogoro wenyewe, hata hivyo, umo katika "gharama ya tani". Mtambo unaonasa, kama ule wa makaa ya mawe wa Boundary Dam nchini Kanada ulioanza kazi hiyo mwaka 2014, hula sehemu ya mvuke na umeme wake wenyewe. Upungufu huo ukifidiwa na mtambo mwingine wenye moshi, basi zikinaswa tani 100, zilizoepushwa kweli ni chache zaidi, tuseme 75. Gharama ni ile ile. Ikigawanywa kwa 75 badala ya 100, bei ya tani yapanda kwa theluthi. Muuzaji wa mitambo atapenda kutaja ile ndogo. Kwa hiyo "tani iliyonaswa" na "tani iliyoepushwa" ni istilahi mbili, nasi tumekuta zote zikifasiriwa "tani iliyopunguzwa". Mtumishi anayeandika dokezo kwa mkubwa wake asilikubali neno hilo la tatu.