Sifa ya Chuma Kinachojizuia

Katika sinia la zana za upasuaji wa mgongo kuna koleo refu, jembamba, linaloitwa Kerrison. Lina vyuma viwili vilivyolaliana. Cha chini hakisogei, na ncha yake imepinda ikawa unyayo mdogo. Cha juu huteleza mbele mpini unapobanwa, hadi makali yake yakutane na ule unyayo. Kinywa chake kina upana wa milimita chache tu. Daktari huutanguliza unyayo chini ya ukingo wa mfupa, kati ya mfupa na utando unaofunika neva, ndipo abane. Kinachokatwa ni kile kilichoingia katikati, basi. Kinga hutangulia, makali hufuata. Mpangilio huo haukuachwa kwenye kumbukumbu ya mtu aliyesimama kwa saa nyingi. Umo ndani ya chuma chenyewe.

Nazisifu zana hizi kwa sababu hiyo. Waliozibuni walimfikiria mapema mtu atakayelala kifudifudi chini ya nusukaputi, asiyeweza kusema "hapo panauma", wakaifua huruma yao ikawa umbo.

Kinachotafutwa mgongoni ni kitu kidogo. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yenye pete ngumu ya nyuzinyuzi nje na ute mzito ndani. Pete ikipasuka, ute husukumwa nje na kuukandamiza mzizi wa neva, na maumivu hushuka kutoka kiunoni hadi pajani, hadi wayoni. Wengi hupona kwa muda, dawa na mazoezi, bila kuguswa na kisu. Wasiopona, na hasa wale ambao mguu umeanza kulegea, ndio wanaozihitaji zana hizi. Mwaka 1934 William Mixter na Joseph Barr, wa Boston, walichapisha maelezo yaliyoonyesha wazi chanzo cha maumivu hayo. Kabla yao, vipande vya diski vilivyokutwa mgongoni mara nyingi vilidhaniwa kuwa vivimbe vya gegedu. Upasuaji uliofuata uliponya wengi, lakini ulidai njia pana: misuli ibanduliwe, mfupa uondolewe, ili kufikia kipande kinachoenea juu ya ukucha.

Njia ilipungua upana jicho lilipopata msaada. Mwaka 1977 Gazi Yaşargil wa Zürich na Wolfhard Caspar wa Homburg, Ujerumani, kila mmoja alieleza namna ya kuondoa diski kwa kutumia hadubini. Hadubini iliwadai mafundi zana mpya. Shingo ya zana ikapindwa mara mbili, ili kiganja kikae pembeni na kisizibe mstari wa jicho. Uso wa chuma ukafifishwa, mara nyingi ukawa mweusi, ili mwanga usirudi machoni. Miaka 20 baadaye, mwaka 1997, Kevin Foley na Maurice Smith wa Memphis, Marekani, walieleza njia ya mrija. Pini nyembamba hutangulia, kisha hufuata mirija inayovikana, kila mmoja mpana kidogo kuliko uliotangulia, na nyuzi za misuli hutengana bila kukatwa. Kupitia mrija wa mwisho, wenye kipenyo kisichofika sentimita 2, kazi yote hufanyika.

Humo ndani, zana butu zina heshima sawa na zenye makali. Vijiti vilivyobeba jina la Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Montreal, havikusudiwi kukata. Huipapasa neva, huibandua taratibu pale iliponata, na kuisogeza. Kisha koleo la kunyofolea huingia kwenye diski na kutoa kilichovunjika. Baadhi huchongwa alama za kina, kwa kuwa mbele ya diski za kiunoni hupita mishipa mikubwa ya damu, na sentimita moja ya pupa yaweza kuua.

Kulikuwa na wakati zana hizi zilipata mshindani. Katika miaka ya 1960 Lyman Smith, daktari wa Marekani, alianza kudunga ndani ya diski kimeng'enya kutoka kwenye utomvu wa papai. Mpishi yeyote wa pwani anayepaka papai bichi kwenye nyama ngumu anaijua nguvu hiyo. Ute uliyeyuka kweli, na wengi walipata nafuu. Lakini dawa ikishadungwa haina wa kuisimamisha: baadhi ya wagonjwa walipata mzio uliotishia uhai, na wachache sana walipooza. Hatimaye iliondoka sokoni Marekani. Koleo, kwa upande wake, huacha mara tu mkono unapolegea.

Wala udogo wa kidonda si sifa inayojitosheleza. Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 300, waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya mrija na mpasuo mdogo wa kawaida. Mrija haukushinda; kwa maumivu ya mguu na mgongo, njia ya kawaida ilitangulia kidogo. Kwangu, hilo linaelekeza sifa mahali pake. Kovu fupi hupendeza, lakini mgonjwa huokolewa na neva iliyoachwa salama, na hiyo hutegemea zana inayojua mwisho wake na mkono unaoitii.

Zana ya namna hiyo hutoka kwa watu. Huko Tuttlingen, kusini mwa Ujerumani, ambako Gottfried Jetter alifungua karakana yake mwaka 1867, na huko Sialkot, Pakistan, chuma kisichoshika kutu hufuliwa, hukerezwa na kupitishwa motoni kikaze, kisha fundi hukisahihisha kwa mkono na jicho. Kazi yake huendelea hospitalini, kwa wauguzi na wasafishaji. Kati ya vyuma viwili vya Kerrison chembe za mfupa hujificha, na ndiyo sababu yakabuniwa makoleo yanayofunguka ili yasafishwe. Makali nayo huisha. Koleo lililochakaa haliumi, huvuta. Na likivuta, huweza kuuchana utando ambao unyayo wake uliwekwa kuulinda. Kwa hiyo anayewasifu mafundi hawa katika hospitali yoyote, ya kwao au ya kwetu, ana deni la kulipa: bajeti ya kunoa, muda wa kukagua, na ujasiri wa kulitupa koleo lililochoka hata kama bado linang'aa.