Darubini Ikikufa: Kuangalia "The Siege of Jadotville" Tukiwa Simi-Simi

Juzi mdogo wangu, yule anayecheza michezo ya vita kwenye telefone mpaka betri inakufa, aliniuliza: "Yaya, bunduki yangu iko na darubini. Sasa wananiambia nichague na vilengeo vya chuma vya akiba. Ni vya nini?"

Nilicheka, lakini swali halikuwa la kijinga. Vilengeo vya chuma ni alama mbili: gidoni kule mbele kwenye mdomo wa bunduki (si gidoni ya toleka, eh!) na tundu dogo nyuma, karibu na jicho. Unaziweka mstari mmoja na kile unachokilenga, basi. Hazina kioo wala betri. Darubini inavuta cha mbali kikawa karibu, lakini inaingia ukungu, inapasuka, na inakuonyesha kipande kidogo tu cha dunia. Ndiyo maana mtu anabaki na vya akiba. Vya kukunja haviko njiani mwa darubini. Vya kudumu havina bawaba ya kulegea. Chochote achague, lazima avipime kwa risasi mapema. Siku darubini imekufa, muda wa kupima haupo tena.

Jioni tukaangalia pamoja The Siege of Jadotville, filamu ya Richie Smyth ya mwaka 2016. Ni habari ya Septemba 1961: askari wapatao 155 wa Ireland, wa Umoja wa Mataifa, chini ya kamanda Pat Quinlan, wamezingirwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Walipigana siku tano bila kufiwa na hata mmoja. Risasi na maji vikaisha, wakajisalimisha, na kwao wakadharauliwa kwa miaka mingi. Filamu inawarudishia heshima, na hapo ninaisifu. Quinlan anachimbisha mahandaki kabla hatari haijaonekana, na mashaka yake yanaonyeshwa bila makelele. Hata silaha zinaeleweka: askari wana FAL ya Ubelgiji yenye vilengeo vya chuma, na mlenga shabaha wao ana darubini.

Kasoro iko kwenye jicho la filamu yenyewe. Inaangalia kwa darubini moja tu. Wa-Ireland wana majina, utani, wake wanaongoja nyumbani. Watu wa Katanga wanakuja kwa makundi, wanaanguka, basi. Lumumba, ambaye alikuwa njiani kuja mji wetu huu alipokamatwa Desemba 1960, anapita mwanzoni haraka haraka, kama kibao cha njiani. Katikati ya filamu mdogo wangu akauliza: "Yaya, hawa wanaoanguka ni akina nani?" Filamu haikumjibu. Mimi pia nilinyamaza.

Aliyejibu ni mama mkubwa wetu, aliyekuwa amekaa nyuma yetu anachambua sombe. Alikuwa mtoto hapa hapa Simi-Simi asubuhi ya tarehe 24 Novemba 1964, makomando wa Ubelgiji waliporuka kwa parashuti juu ya uwanja wa ndege, na FAL zile zile. Vitabu vinahesabu avio, makomando na mateka. Yeye anakumbuka chungu. Kilibaki motoni mpaka chakula kikaungua, kwa sababu hakuna aliyethubutu kutoka chini ya kitanda. "Harufu ile ninaisikia mpaka leo," akasema, akaendelea na sombe yake.

Kumbe miaka yote nimesoma habari za siku ile, na chungu sikuwahi kukisikia. Sikuwahi kumuuliza.

Siwaambii msiangalie filamu hii. Iangalieni, imetengenezwa vizuri, na aibu waliyobebeshwa wale askari ilikuwa ya kweli. Lakini sisi wenye diploma tuna tabia ya kuamini kioo cha mtu mwingine kwa sababu kinaonyesha mbali. Kilengeo chetu cha akiba kiko nyumbani, kinazeeka, na tunangoja nini kukipima? Mama mkubwa ana miaka zaidi ya sabini. Leo jioni ninaenda kukaa naye na daftari. Mdogo wangu amesema anakuja pia, telefone anaiacha kwenye chaji.